Wanarudi shule na njaa, wanajaza biskuti, usiku hawali

SWALI: Shikamoo dokta. Nina watoto watatu, wa kike ana miaka 11, wa pili ni wa kiume ana 7 na mdogo wa kiume ana 4. Tunaishi Kimara, mimi kazi yangu iko Posta na kwa foleni hii nafika nyumbani saa moja usiku au zaidi, kwa hiyo wakirudi shule saa kumi wanapokelewa na dada wa kazi. Wanafika na njaa ya ajabu, wanakula biskuti na juisi ya boksi, mara krispi, mdogo yeye ni chai ya rangi na mkate, halafu tukikaa mezani saa mbili na nusu hawali, wanachezea tu ugali. Mkubwa siku hizi anasema ana njaa muda wote na amerefuka ghafla. Natenga kama 4,000 kwa siku kwa vitafunwa vyao. Niwape nini kinachoshibisha na chenye afya? Na mdogo nimeshauriwa nimpe uji wa unga wa lishe wa nafaka 12, ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuandika kirefu hivi, maana umenipa kila ninachohitaji, umri wao, saa wanazorudi, nani yuko nyumbani na hela iliyopo, kwa hiyo nakujibu wewe na nyumba yako, sio watoto wa kwenye mabango.

Nianze na hiyo njaa ya saa kumi kwa sababu hapo ndo penye kila kitu. Hiyo njaa ni ya kweli kabisa, wala sio ulafi. Fikiria wewe mwenyewe, mtoto ameamka saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri kuwahi gari la shule, saa nne kapata chai, saa saba kala makande au wali maharage sahani ya shule ambayo hatujui kaimaliza au kampa rafiki yake, halafu kacheza, kakimbia, kakaa kwenye gari jua linampiga. Tumbo la mtoto wa miaka 4 ni dogo, haliwezi kubeba chakula cha masaa sita kama lako, linajaa haraka na linaisha haraka, ndo maana watoto wa umri huo tunasema wale kitu kila baada ya masaa matatu hivi, milo mitatu na vya katikati viwili. Sasa wanao wanafika saa kumi na chakula cha usiku ni saa mbili na nusu. Masaa manne na nusu! Hicho unachokiita kitafunwa hapo katikati kwa kweli ni mlo. Ni mlo mdogo, lakini ni mlo, na ukishaanza kuuita hivyo hata wewe mwenyewe utaona biskuti hazifanani na hiyo kazi.

Na huyo binti. Miaka 11 na amerefuka ghafla, hapo mwili umeanza kuvuta. Wasichana wengi huo urefu wa haraka unakuja kati ya miaka 10 na 12, wavulana wanachelewa kidogo, na kwa wengi hedhi inafuata baadae urefu ukianza kupungua kasi. Kwa hiyo akisema ana njaa muda wote mwamini. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji kama gramu 19 za protini kwa siku, akifika 9 hadi 13 inapanda mpaka kama gramu 34, karibu mara mbili, na kalsiamu ya mifupa inapanda pia. Mama wengi hapa ndo wanakosea, wanaanza kumwambia binti "acha kula hovyo utanenepa" wakati mwili unajenga nyumba. Naomba sana usimwambie hilo neno, hata kwa utani.

Sasa biskuti. Ukitazama ndani yake ni unga mweupe, sukari na mafuta, vinapita tumboni haraka, saa moja baadae anataka nyingine, na kwa kuwa zinaliwa bila kutafuna sana mtoto anamaliza pakti nzima kabla tumbo halijasema basi. Halafu juisi ya boksi juu yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni vizuri zaidi. Kwa mtoto kama huyo wako wa miaka 7 asilimia 10 ni kama gramu 40, yaani vijiko vidogo 10, na asilimia 5 ni vijiko vitano. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa. Na usidhani juisi ya boksi iko mbali sana na hapo, geuza boksi usome nyuma, nyingi zimeandikwa kinywaji chenye ladha ya tunda na sukari iko ya pili baada ya maji. Kwa hiyo mtoto anafika mezani usiku ana sukari ya kutosha ya kuua hamu ya kula, lakini hana kitu cha kumjenga. Hiyo ndo sababu anachezea ugali.

Kuna jambo linaniumaga moyo kwenye kazi hii, ruhusa nikwambie. Takwimu za nchi za mwaka 2022 zinaonyesha katika kila watoto 10 wa chini ya miaka 5 hapa Tanzania watatu wamedumaa, na mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolima chakula mpaka inatulisha sisi wa Dar. Yaani kushiba na kujengwa ni vitu viwili tofauti, mtoto anaweza kushiba kila siku ya Mungu na asikue. Sasa ukija mjini ni hivyo hivyo, ila badala ya ugali mtupu ni biskuti.

Basi, mimi nikipanga mlo wa saa kumi natazama vitu vitatu. Kitu cha kushibisha, kitu cha kujenga, na tunda. Cha kushibisha ni viazi, mihogo, magimbi, ndizi, mahindi, chapati. Cha kujenga ni yai, maziwa au mtindi, dagaa, karanga, kunde, njugu mawe, maharage, dengu. Tunda ni lile la msimu lililojaa sokoni, usihangaike na tufaha la kutoka Afrika Kusini wakati chungwa la Muheza limemwagika barabarani. Makosa makubwa ninayoyaona ni kuishia kwenye cha kushibisha peke yake, mama anasema dokta mi siwapi biskuti nawapa mihogo, vizuri sana, lakini muhogo una protini kidogo mno, ukimpa muhogo na chai ya rangi umembadilishia ganda tu, njaa itarudi ile ile.

Kwa nyumba yako mimi ningeanza na viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya chungwa ndani ambavyo watu wanaviita viazi lishe. Vina vitamini A kwa wingi, kiazi kimoja cha wastani kinamtosha mtoto kwa siku nzima, na hii kazi ya kuvisambaza Afrika ilionekana ya maana kiasi kwamba mwaka 2016 wanasayansi waliovishughulikia walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Ukivikosa hata vile vyeupe na vya njano vinashibisha, ni kwamba vitamini A yake ni kidogo sana. Mwambie dada avichemshe na maganda yake, visichemshwe vimemenywa vinalowa maji na utamu unatoka. Saa tisa anaweka sufuria jikoni, na mayai matatu anayaosha anayatumbukiza humo humo dakika kumi za mwisho, watoto wakiingia mlangoni saa kumi vyote viko tayari kwa gesi moja. Yai moja ni kama gramu sita za protini. Hebu weka pamoja, kiazi, yai, na kipande cha parachichi au karanga za kusaga juu, kwa sababu ile vitamini A ya kwenye kiazi inahitaji mafuta kidogo ndo iingie mwilini vizuri. Binti mpe viazi viwili, wa miaka 7 kimoja kikubwa, mdogo nusu, na akiomba tena aongezewe.

Siku ya pili usirudie, watoto wanachoka. Mihogo ya nazi ile ya kupondeka, na pembeni dagaa. Najua watu wanawaona dagaa ni mboga ya usiku tu lakini dagaa wa Mwanza waliotolewa vichwa, wakaoshwa vizuri mchanga utoke, wakakaangwa wakakauka na ndimu na chumvi kidogo, watoto wanatafuna kama krispi na hapo wanakula mfupa na nyama pamoja, kalsiamu hiyo. Nina wazazi waliniambia mtoto hagusi samaki, wakamjaribishia hivi kwenye kibakuli kidogo akiwa anaangalia katuni, kibakuli kikaisha. Muhogo tu kuwa mwangalifu ununue ule mtamu, ule mchungu una sumu na haufai kuchemshwa hivi hivi, na mdogo asitafune muhogo mbichi njiani kama wanavyopenda.

Njugu mawe unazijua? Zikiwa zimechemshwa na chumvi na maganda yake, hicho ni chakula kamili kabisa, zina wanga na protini ndani ya punje moja, zinakaa tumboni hasa. Sijui kwa nini mjini tumeziacha. Zinachukua muda kuiva kwa hiyo chemsha Jumapili sufuria kubwa, gawa kwenye mifuko midogo, weka friji ya juu igande, dada anatoa mfuko mmoja anapasha. Kunde na mbaazi vile vile, mbaazi za nazi zilizobaki usiku wa Jumamosi na chapati moja ni mlo wa saa kumi wa Jumatatu ambao haujakugharimu kitu.

Chapati za maji nazipenda kwa sababu unaweza kuficha vitu. Kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano usiokobolewa au nusu kwa nusu na mweupe, mayai mawili, maziwa au maji mpaka uwe mwepesi wa kumiminika, kitunguu, karoti ya kukwaruza, mchicha uliokatwa mdogo kabisa, chumvi kiasi. Kikaangio na mafuta kijiko. Dakika ishirini dada ana chapati sita saba na kila mtoto kala yai na mboga bila ugomvi. Ukitia sukari badala ya kitunguu utaharibu, watoto watazizoea za sukari na hutarudi nyuma tena.

Bajia za kunde nazo ni nzuri kwa protini, ila ni za kuzama kwenye mafuta, basi ziwe za Ijumaa, siku moja kwa wiki, na mafuta yakishakuwa meusi yamwagwe. Maandazi na vitumbua sisemi haramu, tumelelewa navyo, nasema tu punguza sukari kwenye unga na usimpe andazi na chai ya rangi, mpe andazi na kikombe cha maziwa. Mahindi ya kuchemsha msimu wake ukifika yana nyuzinyuzi na wanapenda, hapo ongeza mtindi. Na mtindi wenyewe nunua ule usio na sukari, ponda ndizi mbivu au embe ndani, utamu unatosha. Zile yogati za rangi ya pinki zina sukari nyingi kwa ujazo mdogo na bei yake unajua mwenyewe. Siku ambayo hakuna kabisa muda, dada mgonjwa, umeme umekatika, gesi imeisha, ndizi mbivu mbili na karanga za kusaga zilizopakwa juu ya mkate wa ngano nzima na glasi ya maziwa, hakuna moto uliowashwa na mtoto kala vizuri.

Elfu nne yako inatosha, na siku za njugu au kunde itabaki. Jumlisha siku moja pakti tatu za biskuti, boksi tatu za juisi na krispi halafu ulinganishe na fungu la viazi, mayai matatu na ndizi.

Karanga nazitenga peke yake maana zina mambo mawili na yote mazito.

La kwanza ni la huyo mdogo. Miaka 4 asipewe karanga nzima, wala korosho nzima, wala bisi. Mpaka atimize miaka 5 hivi. Punje ya karanga ikikosea njia inaingia kwenye mapafu, mtoto anakohoa kama mafua, anatibiwa kifua wiki mbili kumbe kuna karanga imekaa mle, na nyingine inaziba njia ya hewa pale pale mbele ya macho yako. Hili nalisema kwa nguvu zote. Mpe zilizosagwa laini, kwenye uji, kwenye mkate, kwenye kiazi, sio punje, na hata akipewa ya kusaga ipakwe nyembamba, asilambe bonge kwenye kijiko. Zabibu na nyanya ndogo mkatieni kwa urefu. Na wote watatu wale wamekaa chini, kukimbia na chakula mdomoni hapana. Dada alijue hili vizuri, kaa naye umweleze, usimtumie meseji. Na kama ni mara ya kwanza mtoto kula karanga mpe kidogo umwangalie, akivimba midomo, akitoka vipele au akihema kwa shida ni hospitali moja kwa moja.

La pili ni sumukuvu, na hapo ndo naingia kwenye unga wako wa nafaka 12. Sumukuvu inatokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Huioni, haina harufu, na moto wa jikoni hauiui, ukichemsha ukikaanga bado ipo. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu karibu 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye hiyo sumu, na wenzetu Kenya mwaka 2004 upande wa Ukambani walikufa zaidi ya 100. Hiyo ni ikiwa nyingi kwa mpigo. Ikiwa kidogo kidogo kila siku inachosha ini, na watafiti wameihusisha na watoto kushindwa kukua.

Sasa unga wa lishe wa nafaka 12 unauzwa kama dawa, mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, kila kitu ndani. Wengi wanaamini vikiwa vingi ndo lishe inakuwa kubwa. Mimi siushauri. Kwanza punje moja mbovu kati ya hizo aina 12 imeharibu mfuko mzima na huna namna ya kujua kwa sababu vimeshasagwa. Pili soya na karanga haziivi kwa muda mmoja na unga wa mchele, soya isipoiva vizuri inazuia hata protini nyingine isisagike tumboni na mtoto anapata gesi na kuharisha. Tatu karanga zina mafuta, zikisagwa na kukaa wiki tatu kabatini kwenye joto la Dar zinachacha, ukinusa unasikia harufu ya mafuta ya zamani, na wengine wanaipenda hiyo harufu wakidhani ndo ubora.

Fanya hivi. Nunua ulezi au mtama, au uchanganye na mahindi ukitaka, aina moja au mbili basi, uchague mwenyewe, uoshe, uanike ukauke kabisa, usage kidogo wa wiki mbili tatu. Uji ukishaiva ndo unaongeza utajiri kwenye sufuria, leo maziwa, kesho karanga ulizosaga siku hiyo hiyo kijiko kikubwa kimoja, keshokutwa ndizi ya kuponda, na ukiepua unatia kijiko cha unga wa ubuyu mweupe ule usio na rangi, una vitamini C nzuri na unaleta uchachu watoto wanaupenda. Vitu vinabadilika kila siku badala ya kurundikwa vyote siku moja. Na uji uwe mzito wa kijiko. Ule mwepesi wa kunywa kwa mrija ni maji, anajaa tumbo, anakojoa, njaa imerudi. Karanga kabla ya kusaga zimwage kwenye ungo mchana mwangani, toa zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu, na ukitafuna ikawa chungu tema. Hizo mbovu zisiende kwa kuku pia, maana yai lake utalila wewe.

Vinywaji. Chai ya rangi kwa mtoto wa miaka 4 naomba iishe wiki hii hii. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma kuingia mwilini, hasa yale ya kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, na sisi chuma chetu kingi kinatoka humo. Zaidi ya nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu, halafu tunawapa chakula na kukiosha na chai. Mpe maziwa kikombe kimoja, au maji. Wakubwa wakitaka chai iwe saa moja baada ya kula, na sukari kijiko kimoja. Chungwa, embe, pera, ukwaju, ubuyu vikiliwa na chakula vinafanya kinyume cha chai, vinasaidia chuma kiingie, kwa hiyo kunde na chungwa ni marafiki. Maziwa nayo yasizidi vikombe viwili vitatu kwa siku kwa mdogo, nimeona watoto wanaoishi kwa maziwa tu na ni weupe viganjani kwa upungufu wa damu. Tunda lenyewe ni bora kuliko juisi yake hata ukiikamua mwenyewe, machungwa manne kwenye glasi anayanywa kwa dakika moja lakini kuyala manne hawezi.

Muda ndo utamaliza ugomvi wa mezani. Watoto wale wanapofika, saa kumi mpaka kumi na nusu, wakae, wale washibe, halafu jiko limefungwa. Sio kipande saa kumi, biskuti saa kumi na moja, juisi saa kumi na mbili, hapo ndo hamu inapofia. Akilalamika njaa saa kumi na mbili na nusu apewe maji na tunda. Na chakula cha usiku hicho kisogeze, saa mbili na nusu kwa mtoto wa miaka 4 ni usingizi tayari, huyo hachezei ugali kwa jeuri, amechoka. Dada awalishe saa moja, wewe ukifika ukae nao hata kama unakula baadae na baba yao. Najua inauma kukosa kula na wanao, basi Jumamosi na Jumapili kuleni pamoja. Na wakila kidogo usiku baada ya saa kumi kula vizuri, usiwalazimishe wala usiwape ahadi ya pipi. Wewe unaamua nini kiko mezani na saa ngapi, wao wanaamua kiasi.

Wiki ya kwanza watanuna. Usiondoe biskuti zote kwa siku moja kama adhabu, acha tu kuzinunua za akiba, zikiisha zimeisha, kisichokuwepo kabatini hakigombaniwi. Siku ya sikukuu au mgeni akija nazo wale kwa furaha bila maneno. Chakula kipya mdogo akikikataa usiseme hapendi dagaa, kirudishe baada ya siku chache, watoto wengine wanahitaji kukiona mara kumi na zaidi ndo wanakubali, na wakimwona kaka yake anakula inasaidia kuliko mahubiri yako yote.

Binti mpe kazi. Miaka 11 anaweza kuchagua Jumapili wiki nzima wanakula nini, anaweza kukoroga chapati za maji, na akifanya yeye wadogo zake watakula. Hujasema kama unawapa hela ya shule lakini nahisi unawapa, na hiyo hela inaishia kwenye ubuyu wa rangi, barafu za getini na embe la pilipili lililokaa wazi na nzi. Sio kwamba nawalaumu wale mama wa getini, wanatafuta riziki, ila zile rangi hujui ni za chakula au za mikeka, na maji ya zile barafu hujui yametoka wapi. Wawekee kontena la saa nne kama shule inaruhusu, yai la kuchemsha asubuhi hiyo hiyo lisilomenywa, kipande cha chapati, ndizi. Hela mpe mara moja kwa wiki, anunue anachotaka.

Mwisho ni hawa watatu wenyewe. Mmewapa dawa ya minyoo lini? Kuanzia mwaka mmoja wanapewa kila miezi sita, na kama imepita zaidi ya hapo pitia kituo cha afya kilicho karibu. Binti pia mwangalie viganja na ndani ya kope la chini kama pamepauka, muulize kama anachoka ngazi mbili tu, kama anatafuna mchele mbichi au udongo, maana hicho ni kilio cha damu ndogo na hakiishi kwa viazi peke yake, anapimwa. Kijana wa miaka 7 akiwa na njaa na kiu kupita kawaida, anaamka usiku kukojoa mara kwa mara huku anapungua, huyo usisubiri, apimwe sukari siku hiyo hiyo, na hali kadhalika dada yake. Na mdogo, ile kadi yake ya kliniki wazazi wengi wanaitupa kabatini chanjo zikiisha, itafute, mpeleke apimwe uzito na urefu wiki hii, halafu rudi tena baada ya miezi mitatu ya viazi, mayai na uji wa nafaka moja au mbili, uone mstari wake umekwenda wapi. Ukinyooka bila kupanda, au ukishuka, niandikie tena na hizo namba zote mbili.